Majeruhi wa vita yuko mikononi mwa aliye karibu naye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Nimesoma gazeti hili tangu enzi zile lilipokuwa likitufikia huku Muleba siku mbili tatu baada ya kuchapwa, na sijawahi kukuandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Baada ya Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, mlitoa makala ndefu kuhusu askari wetu waliopoteza maisha wakilinda nchi na wakilinda amani nje ya nchi. Ni makala nzuri. Picha ya mkuki na ngao vikiwekwa mnarani nimeikata na kuihifadhi. Ila aya moja ilinichoma. Mwandishi wenu alisema kwamba siku hizi askari akijeruhiwa hana sababu ya kuogopa sana, kwani helikopta itamfuata na madaktari bingwa wanamsubiri. Kijana huyo sina ugomvi naye, inaelekea hajawahi kufika kule. Mimi nilifika, nikiwa na mikasi na bandeji, na nilichokiona kimekaa nami zaidi ya miaka arobaini.

Mwaka 1978 nilikuwa na miaka 22. Nilikuwa mganga msaidizi wa vijijini, nimemaliza mafunzo mwaka uliotangulia na kupangiwa zahanati ya vyumba viwili huku huku kwetu Kagera. Kazi yangu ilikuwa malaria, minyoo, kuhara na vidonda vya miguu, na mara nyingine kumsindikiza mjamzito aliyekwama, amekalishwa nyuma ya baiskeli, hadi barabara kuu. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin wa Uganda yakavuka mpaka, yakaja hadi mto Kagera, na tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa. Watu wakaanza kushuka kuja kwetu, magodoro kichwani, mbuzi mkononi, wazee wamebebwa mgongoni. Nilitibu watoto wao siku nne bila kulala vizuri. Siku ya tano nikaenda kujiandikisha. Mwalimu alikuwa amekwisha kusema redioni kwamba sababu tunayo, uwezo tunao na nia tunayo, na sisi vijana tulilichukua neno lake kama lilivyo.

Kwa kuwa nilijua kuchoma sindano, niliwekwa kwenye kituo cha huduma ya kwanza nyuma ya kikosi. Nilikabidhiwa sanduku la mbao lenye msalaba mwekundu, na hadi leo naweza kukutajia kilichokuwamo: bandeji za kitambaa, pamba, iodini, dawa ya zambarau, penisilini ya unga, sirinji za kioo za kuchemsha, mikasi miwili, koleo mbili, na chupa za maji ya dripu ambazo nilizihesabu kila asubuhi kama mwenye duka anavyohesabu mifuko ya sukari. Mofini, ile dawa kali ya kutuliza maumivu, alikaa nayo daktari mwenyewe. Zaidi ya hapo kulikuwa na Land Rover moja ya wagonjwa, na barabara ya matope.

Sasa nikupeleke Lukaya, ndani ya Uganda, Ndugu Mhariri, maana hapo ndipo lilipo jambo langu.

Barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala inapita kwenye kinamasi pale Lukaya, maji na mafunjo huku na huku. Jioni ya tarehe 10 Machi 1979 wenzetu walikumbana hapo na jeshi la Amin likiwa pamoja na askari wa Libya. Mapigano yaliendelea usiku, na vijana wetu wengi, baadhi yao mgambo waliokuwa wakulima miezi michache tu nyuma, walijikuta wametawanyika ndani ya kinamasi gizani. Sisi tulikuwa nyuma kidogo, chini ya miti, taa ya chemli imefunikwa na blanketi ili mwanga usionekane. Majeruhi walianza kutufikia kwa machela, kwa migongo ya wenzao, na wengine kwa miguu yao.

Usiku ule nilipokea vijana wawili ambao nikifumba macho nawaona.

Wa kwanza alipigwa risasi juu ya goti, sehemu ya ndani ya paja. Kwa jeraha la namna hiyo, mshipa mkubwa ukikatika, mtu anaweza kuishiwa damu ndani ya dakika chache, kabla sigara moja haijaisha. Nilipomvua kiatu kilitoa sauti kama ndoo inayomwagwa. Kilijaa damu hadi kwenye kamba. Suruali yake ilikuwa nzito kama nguo iliyotoka mtoni. Lakini kijana alikuwa hai, anatetemeka, ananiuliza kama mguu upo. Nikapandisha mkono gizani, nikakuta juu ya jeraha kitu kigumu. Nikasogeza chemli. Ulikuwa mkanda wa bunduki, umezungushwa mara mbili kwenye paja, na katikati ya fundo kimepitishwa kijiko cha bati, kijiko chetu cha kulia ubwabwa, kimenyongwa na kunyongwa hadi mpini ukapinda, kisha kikafungwa kwa uzi wa kiatu kisirudi nyuma. Damu ilikuwa imekata.

Aliyemfunga alikuwa amesimama pembeni yangu, matope hadi kifuani. Alikuwa mgambo wa kutoka Kigoma, mvuvi. Nikamuuliza nani alimfundisha. Akaniambia, "Daktari, mimi nafunga mtumbwi kila siku. Niliona maji yanatoka, nikafunga." Aliniita daktari, na mimi sikuwa daktari. Kabla ya kufunga, alisema, alimkandamiza kwa goti lake pale kinenani kwa uzito wake wote huku akivua mkanda wa bunduki kwa mikono miwili. Hiyo ndiyo inayofundishwa leo na majeshi yenye fedha nyingi kuliko sisi: kandamiza kwanza kwa uzito wa mwili, halafu funga juu ya jeraha kwa mkanda mpana, nyonga hadi damu ikome, zuia usilegee. Yeye aliitoa kwenye Ziwa Tanganyika.

Sikukigusa kile kijiko. Kitu ambacho kimeshika damu namna ile hakifunguliwi na mtu asiye na chumba cha upasuaji. Nilimwandikia alama kwenye paji la uso kwa dawa ya zambarau kuonyesha kwamba amefungwa, nikamtundikia dripu, na Land Rover ilipopata nafasi nikamkabidhi akiwa anapumua na anaongea. Sikumwona tena. Kijiko kilikwenda naye.

Wa pili aliletwa kabla hakujapambazuka. Jeraha lake lilikuwa dogo, tundu moja upande wa ndani wa mkono, kati ya bega na kiwiko. Ukiyaweka yale majeraha mawili mbele ya mtu asiyejua, angesema huyu wa mkono ndiye atakayepona. Wenzake walimpenda. Ilionekana. Walimlaza chini ya mti, wakamfunika shati lao kavu, wakamnywesha maji, mmoja akamshika kichwa na kumsomea dua njia nzima. Walimbeba kilomita kadhaa kwa kupokezana. Hakuna hata mmoja aliyeuminya ule mkono. Nilipomgusa shingoni alikuwa amekwisha kupoa. Yule aliyemshika kichwa aliniangalia akisubiri nianze kazi, na mimi sikuwa na kazi ya kuanza.

Hawakufanya uzembe. Hawakufundishwa. Walijua kuvua na kuunganisha bunduki wakiwa wamefungwa macho, walijua kwenda mguu sawa, walijua nyimbo zote. Jambo ambalo lingemchukua mtu nusu dakika, na ambalo mvuvi alilifanya kwa bahati ya kazi yake, hakuna aliyewaonyesha.

Ndiyo maana aya ile ilinichoma.

Mwandishi wenu anaweza kuniambia kwamba hiyo ni 1979, mzee, mambo yamebadilika. Yamebadilika kweli. Umoja wa Mataifa una kanuni yake kwa walinda amani, wanaiita kumi, moja, mbili: ndani ya dakika 10 majeruhi awe amezuiwa damu na kuwekwa sawa kupumua, ndani ya saa 1 awe kwa wataalamu wa dharura, ndani ya saa 2 awe kwenye upasuaji. Naiheshimu sana. Lakini itazame vizuri. Saa moja na saa mbili ni za helikopta, za madaktari, za barabara na hali ya hewa. Zile dakika kumi za mwanzo ni za askari aliyelala pembeni yake kwenye tope, na asipozitumia, hizo nyingine hazina mtu wa kumwokoa.

Na helikopta yenyewe haiji kila inapoitwa. Tarehe 7 Desemba 2017 vijana wetu waliokuwa wakilinda amani Kongo walishambuliwa kambini kwao Semuliki, Kivu ya Kaskazini. Giza lilikuwa linaingia, mapigano yakaendelea kwa saa kadhaa. Tulipoteza 15 na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulipotoka mwaka uliofuata, ulisema wazi kwamba hapakuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu na kuwatoa, na ulitaja upungufu wa mafunzo na wa usafiri wa anga. Niliisoma habari hiyo nikiwa nimeketi barazani na nikalifunga gazeti. Nilikuwa nawaza zile saa. Kati ya wale arobaini na zaidi, nani alimfunga nani? Kwa kitu gani? Kwa mkanda wa kazi hiyo, au kwa chochote kilichokuwapo mkononi?

Halafu Januari 2025, mjini Goma, huko huko Kongo. Uwanja wa ndege ulifungwa kwa sababu ya mapigano. Hospitali ya Ndosho, ambayo Msalaba Mwekundu wa Kimataifa wameisaidia kwa upasuaji wa vita kwa miaka mingi, ilipokea majeruhi kupita uwezo wake. Askari wa kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, waliojeruhiwa, wa kwetu wakiwamo, hawakuweza kutolewa mara moja. Ilikuwa mwishoni mwa Februari ndipo kundi kubwa lilipotolewa kwa barabara kupitia Rwanda. Hayo ni majuma, Ndugu Mhariri, na kanuni inasema saa mbili.

Wakubwa wa tiba za kijeshi wanalijua hili kwa hesabu. Madaktari wa jeshi la Marekani walipitia vifo 4,596 vya askari wao katika vita vya kuanzia 2001 hadi 2011. Wengi mno, karibu tisa katika kila kumi, walikufa kabla ya kufika mbele ya daktari wa upasuaji. Karibu robo ya hao walikuwa na majeraha ambayo pengine wangeyapona, na kati ya hao wa robo, tisa katika kumi walimalizwa na kutokwa damu. Jeshi lenye helikopta nyingi kuliko jeshi lolote duniani. Nilipoonyeshwa takwimu hizo na daktari kijana wa wilaya nilimwambia kwamba nimekwisha kuziona, chini ya mti, kwa mwanga wa chemli.

Sitaki nieleweke kwamba nadharau hospitali. Nilipoteza mtu kwa kutojua mambo ya hospitali, na nalisema hapa kwa sababu nisingependa mwingine alirudie. Siku za mwanzo kabisa, kabla hatujavuka mpaka, nilishona jeraha la mguu la kipande cha bomu. Nililiosha, nikalishona vizuri, mstari ulionyooka, nikajipongeza. Siku ya tatu mguu ukavimba hadi magotini, ngozi ikang'aa, harufu ikatoka hata kabla sijafungua bandeji. Yule daktari wetu hakunigombeza. Alikata nyuzi zangu zote mbele yangu, akanionyesha kilichokuwa ndani: udongo, nyuzi za suruali, nyama iliyokufa. Akaniambia jeraha la vita linasafishwa, nyama mbovu inakatwa, linaachwa wazi na bandeji kavu, na likiwa safi ndipo linashonwa baada ya siku nne au tano. Kijana yule alifariki siku ya saba. Tangu hapo sikuwahi tena kufunga kidonda chenye udongo kwa uzi, hata nilipokuwa nimerudi zahanati, hata kwa mkulima aliyejikata jembe na kunisihi nimshone aende zake.

Kuna jambo jingine ambalo si la mada yangu hasa, lakini siwezi kuandika habari za majeruhi nikaliacha. Nilitibu pia askari wa Uganda. Mmoja aliletwa na risasi tumboni, kijana wa umri wangu, hajui Kiswahili zaidi ya maneno ya kambini. Nilimtangulizia dripu kabla ya askari wetu aliyekatika vidole viwili. Wenzangu wawili walinijia juu. Kamanda akatoa sauti moja tu: mganga anaangalia jeraha, haangalii sare. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba ameyasema yaliyomo kwenye Mikataba ya Geneva ya 1949, kwamba anayetangulia kutibiwa ni mwenye hali mbaya zaidi na si wa upande fulani. Kamanda yule nadhani hakuwahi kuisoma mikataba hiyo. Alilelewa vizuri.

Nirudi kwenye ombi langu.

Kila mwaka tunapeleka vijana wetu waliomaliza kidato cha sita Jeshi la Kujenga Taifa. Wanajifunza ukakamavu, kilimo, silaha, uzalendo. Naunga mkono yote. Ninaloomba ni kwamba kila kuruta, wa kiume na wa kike, asimalize mafunzo kabla hajaweza kuzuia damu ya mwenzake gizani, akiwa amechoka, mikono imelowa, ndani ya dakika moja. Sisemi aonyeshwe mchoro ubaoni. Mchoro haushiki damu. Apakwe mafuta ya kupikia mikononi ili mkanda umteleze kama unavyoteleza kwenye damu. Azimiwe taa. Mwenzake apige kelele za mtu anayeumia. Arudie hadi mikono ijue yenyewe. Afundishwe kwamba mkanda uwe mpana, maana waya au kamba nyembamba hukata nyama. Kwamba ukifungwa sawasawa unauma sana na mwenzake atamlilia aufungue, asiufungue. Kwamba saa mkanda ulipofungwa iandikwe. Na kwamba pale mkanda usipofika, kinenani na kwapani, anasukuma kitambaa ndani ya jeraha kwa vidole na kukandamiza kwa nguvu zote bila kuchungulia.

Na askari anayekwenda mstari wa mbele awe na mkanda wake na bandeji yake kwenye mfuko ule ule ambao kila mwenzake anaujua. Ukimkuta mwenzio amelala, unatumia vya kwake, vya kwako vinabaki kwa zamu yako. Mfuko ukiwa tofauti kwa kila mtu, gizani utapekua mwili mzima.

Elimu hii haitabaki jeshini. Wengi wa vijana wale hawataona vita, naomba Mungu iwe hivyo, lakini wataona barabara. Tangu mwaka juzi nakutana na waendesha bodaboda wa hapa kwetu Jumapili mchana, chini ya mwembe ulio karibu na stendi. Nawafundisha kwa mpira wa ndani wa baiskeli uliopasuliwa ukawa bapa, na mti wa ufagio uliokatwa vipande vya shibiri moja. Sasa karibu kila mmoja ana kipande chake chini ya kiti cha pikipiki. Mwezi wa tatu mmoja wao alinigongea usiku, shati lote damu, nikadhani ameumia. Akasema, "Tata, si yangu. Nimemfunga jamaa wa fuso, tumemfikisha." Alitaka tu nijue. Alinywa maji, akaondoka, na mimi sikupata usingizi tena hadi asubuhi.

Kama yupo ofisa wa JKT au mkufunzi wa jeshi anayesoma barua hii, nimeacha namba yangu ya simu kwako, Ndugu Mhariri, mpatie akiiomba. Kambi yoyote ndani ya mkoa wa Kagera nitakwenda kwa nauli yangu. Magoti yananisumbua, hivyo nitahitaji kiti, na vijana wawili wenye nguvu wa kuonyeshea. Mipira ya baiskeli nitakuja nayo mwenyewe.

Wako,
Mganga msaidizi mstaafu,
Muleba, Kagera